Deni la Notisi 534

Oktoba 1997 shule za umma za Kenya zilikuwa kimya. Walimu walikuwa wameweka chaki chini, uchaguzi mkuu ulikuwa umebakiza wiki chache, na Rais Daniel arap Moi alikuwa na sababu ya kukosa usingizi. Kabla ya kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1955, Moi mwenyewe alikuwa mwalimu. Alimjua mwalimu wa kijijini: ndiye huwaandikia wazee barua, ndiye huketi na daftari la wapiga kura siku ya uchaguzi, na ndiye huulizwa na mzazi asiyejua kusoma mambo ya serikali yanaendaje. Watu wa namna hiyo walikuwa zaidi ya 200,000, wametapakaa kila lokesheni, na haikufaa waingie msimu wa kura wakiwa wamenuna.

Serikali ikakubali. Ambrose Adeya Adongo, katibu mkuu wa chama cha walimu, KNUT, alitoka kwenye mazungumzo na makubaliano yasiyokuwa na mfano katika historia ya chama hicho. Mishahara ingepanda kwa viwango vilivyofika asilimia 200, kwa awamu, katika muda wa miaka 5. Juu yake kulikuwa na marupurupu: ya nyumba asilimia 50 ya mshahara wa msingi, ya matibabu asilimia 20, ya usafiri asilimia 10. Yote yakachapishwa rasmi kama Notisi ya Kisheria Nambari 534 ya mwaka 1997.

Uchapishaji huo ndio uliokuja kuisumbua serikali. Ahadi ya jukwaani hufa na jukwaa lenyewe linapobomolewa. Hii ilikuwa na nambari, na nambari hupelekwa mahakamani.

Awamu ya kwanza ililipwa. Desemba Moi akashinda kwa takriban asilimia 40 ya kura dhidi ya upinzani uliogawanyika. Mwaka uliofuata waziri mpya wa fedha, Simeon Nyachae, aliwakusanya viongozi Mbagathi, Nairobi, akawafungulia vitabu: nchi ilikuwa imefilisika. Shirika la Fedha Duniani lilikuwa limesimamisha mkopo wake tangu katikati ya 1997 kwa sababu ya ufisadi, na madeni ya ndani yalikuwa yakimeza mapato. Serikali ikatangaza kwamba awamu ya pili haiwezekani. Oktoba 1998 Adongo akaitisha mgomo mwingine, na safari hii hapakuwa na kura iliyokuwa ikingojwa. Serikali ilikaza kamba, walimu wakarudi madarasani mikono mitupu. Hazina ilikuwa taabani mara zote mbili. Kilichobadilika kati ya mgomo wa kwanza na wa pili ni kalenda.

Mwaka huohuo baadhi ya walimu wa sekondari, waliohisi kwamba KNUT ni chama cha walimu wa msingi kinachowabeba wao kama mzigo wa ziada, walianzisha chama chao, KUPPET. Mpasuko huo serikali ilikuja kujua namna ya kuutumia miaka mingi baadaye.

Uzito wa Notisi 534 unaeleweka vyema zaidi na mtu anayejua walimu walikotoka. Chini ya ukoloni mwalimu Mwafrika hakuwa na mwajiri mmoja. Wengine waliajiriwa na misheni, wengine na bodi za elimu za wilaya, wachache na serikali yenyewe. Watu wawili waliohitimu chuo kimoja wangeweza kufundisha ng'ambo mbili za mto mmoja kwa mishahara na masharti tofauti kabisa. Aliyekuwa chini ya misheni alichungwa hadi nyumbani kwake: akioa mke wa pili, kazi imekwisha. Mwaka 1949 ripoti ya kamati ya kasisi Leonard Beecher ilibana nafasi za watoto wa Kiafrika kuendelea na masomo baada ya madarasa ya mwanzo, na walimu walioisoma waliona wazi kwamba mipango ya elimu ya Waafrika ilikuwa ikipangwa bila Waafrika.

KNUT ilizaliwa tarehe 4 Desemba 1957, na dai lake la kwanza lilikuwa mwajiri mmoja kwa walimu wote. Uhuru haukulitimiza mara moja. Serikali mpya iliziachia halmashauri za kaunti shule za msingi, na halmashauri nyingi hazikuwa na kitu. Mshahara wa mwezi ukawa unakuja mwezi wa pili au wa tatu, kama unakuja. Walimu waligoma zaidi ya mara moja katika miaka ya 1960 hadi Bunge likapitisha sheria iliyounda Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, iliyoanza kazi mwaka 1967. Ndani ya sheria hiyo kulikuwa na kamati ya mishahara ambamo serikali na chama wangeketi meza moja. Kamati hiyo ndiyo iliyokuja kuzaa Notisi 534.

Kwa kizazi kimoja mpango huo ulifaa. Mwalimu aliweza kununua shamba, kujenga nyumba ya mawe, kusomesha wadogo zake. Chama cha ushirika cha Mwalimu, kilichoanza katika miaka ya 1970, kilimkopesha na kukata marejesho moja kwa moja kwenye mshahara kabla haujamfikia mkononi. Makato hayo yafaa kukumbukwa, kwa maana hati ya mshahara ya mwalimu wa Kenya, pamoja na orodha yake ndefu ya makato, ilikuja kuwa silaha mnamo 2019.

Upande wa fedha za shule zenyewe, historia ilikwenda kwa ahadi na kinyume chake. Mwaka 1974 serikali ya Jomo Kenyatta ilifuta karo kwa madarasa manne ya kwanza. Shule nyingi zikaleta michango ya majengo iliyozidi karo iliyofutwa. Moi alipoingia alipiga marufuku michango hiyo na kuanzisha maziwa ya bure shuleni, yale ambayo watu wazima wa leo bado wanakumbuka pakiti zake zenye pembe tatu. Kisha mwaka 1988, chini ya masharti ya marekebisho ya kiuchumi, ikaja sera ya kugawana gharama: serikali ilipe walimu, mzazi abebe mengineyo, kuanzia madawati na vitabu hadi chaki. Kwa hiyo mshahara ulibaki kuwa karibu kila kitu ambacho serikali ilikitoa kwa shule ya msingi. Kila mabishano juu ya bajeti ya elimu yaligeuka, bila mtu kukusudia, kuwa mabishano juu ya mwalimu.

Ndipo likaja swali la pili, ambalo nchini Kenya limekuwa na tabia ya kuibuka hasa pesa zinapokosekana: je, mwalimu huyu anayedai nyongeza anafundisha kweli?

Swali halikuwa la hila tupu. Katika wilaya za Busia na Teso, mpakani na Uganda, watafiti waliotembelea shule bila taarifa mwishoni mwa miaka ya 1990 walikuta takriban mwalimu mmoja kati ya watano hayupo. Shirika la Kiholanzi la ICS likaamua kujaribu zawadi. Shule 100 zilichaguliwa, 50 kati yake kwa bahati nasibu zikaingizwa katika mpango wa miaka miwili, 1998 na 1999. Wanafunzi wakifanya vyema katika mitihani ya wilaya, au wakipanda sana kuliko mwaka uliotangulia, walimu wote wa madarasa ya 4 hadi 8 katika shule hiyo wangetuzwa. Tuzo yenyewe haikuwa fedha taslimu. Washindi wa kwanza walipata suti. Wa pili sahani, glasi, vijiko na uma. Wa tatu seti ya chai. Wa nne mashuka na mablanketi. Thamani yake ilikuwa kati ya asilimia 21 na 43 ya mshahara wa mwezi. Ili mwalimu mkuu asiwafiche wanafunzi dhaifu siku ya mtihani, kila mtoto asiyefika alihesabiwa alama za chini.

Alama zilipanda. Wachumi Paul Glewwe, Nauman Ilias na Michael Kremer walipochungulia ndani ya madarasa walikuta mengi hayajabadilika. Utoro wa walimu ulikuwa uleule. Kazi za nyumbani hazikuongezeka. Namna ya kufundisha ilibaki ya zamani. Kilichoongezeka ni vipindi vya ziada vya kuwanoa watoto kwa mtihani, nje ya saa za kawaida, yaani tuisheni kwa jina la kila siku. Zawadi zilipokoma, alama za watoto wale hazikuonyesha tena tofauti ya maana.

Jambo hilo halikuwa geni duniani. Uingereza ilijaribu mwaka 1862, waziri Robert Lowe alipofanya ruzuku ya shule itegemee idadi ya watoto waliofaulu kusoma, kuandika na hesabu mbele ya mkaguzi. Walimu waliwakaririsha watoto vitabu hadi wengine wakaweza kuvisoma vikiwa vimepinduliwa juu chini, na mpango ukaachwa kabla karne haijaisha. Busia ilijifunza lilelile kwa gharama ya vikombe kadhaa vya chai.

Kisha Desemba 2002 Kenya ikabadilisha serikali. Muungano wa NARC wa Mwai Kibaki ulikuwa umeahidi elimu ya msingi ya bure, na Januari 2003, siku chache tu baada ya kuapishwa kwake, shule zilifunguliwa bila karo. Katika shule ya Olympic, Kibera, wazazi walifurika kuliko nafasi zilizokuwapo. Mwaka mmoja baadaye, karibu na Eldoret, mzee Kimani Maruge aliyesema ana miaka 84 aliingia darasa la kwanza akiwa amevaa soksi ndefu na kaptura. Idadi ya wanafunzi wa msingi ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, sehemu kubwa ikiwa ya vitabu na vifaa.

Fedha za wafadhili zilimiminika, na baadhi yake zikatoweka. Desemba 2009, baada ya wakaguzi kugundua wizi katika Wizara ya Elimu, Uingereza ilisimamisha msaada wake kwa mpango huo, na Marekani ikafuata. Aliyezila hakuwa mwalimu wa darasa la kwanza, lakini yeye ndiye aliyeonekana na mzazi kila asubuhi.

Walimu hawakuongezeka kwa kasi ya watoto. Tangu 1998 serikali ilikuwa imesitisha uajiri mpya, ikijaza tu nafasi za waliostaafu, waliofariki au walioacha kazi. Watoto milioni moja na ushei wa nyongeza waliingia katika madarasa yaliyokuwa na walimu walewale, ambao bado walikuwa wakiidai serikali salio la Notisi 534. Serikali ya Kibaki ilikubali deni hilo na kulilipa kidogo kidogo kwa miaka kadhaa upande wa mishahara. Marupurupu yaliachwa yakining'inia. Adongo hakuyaona hayo. Alifariki mwaka 2001.

Katika pengo la walimu ndipo lilipoingia jaribio la pili la magharibi mwa Kenya, na hili liliitikisa sera ya nchi nzima. Mwaka 2005 shule 140 zilipewa fedha ili kamati za wazazi ziajiri mwalimu mmoja wa ziada wa darasa la kwanza kwa mkataba wa mwaka mmoja. Mwalimu huyo alikuwa na cheti kilekile cha chuo cha ualimu. Alilipwa takriban robo ya mshahara wa mwenzake wa TSC, na kamati ingeweza kumwachisha kazi. Darasa la watoto zaidi ya 80 likagawanywa mawili. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Kremer waliopima matokeo walikuta mwalimu wa mkataba anaonekana darasani mara nyingi zaidi, na watoto wake wanafanya vizuri zaidi kuliko wale waliobaki na mwalimu wa TSC katika shule hiyohiyo.

Kuna jambo dogo ndani ya utafiti huo ambalo halitajwi sana na wanaoupenda. Mwalimu wa TSC alipoona mwenzake wa ziada amefika, alipunguza bidii yake mwenyewe. Na karibu theluthi moja ya walioajiriwa kwa mkataba walikuwa jamaa za walimu waliokuwapo shuleni: mpwa, mke, mdogo wake mtu. Kamati za wazazi zilipopewa mafunzo ya kusimamia uajiri, ujamaa huo ulipungua. Mtu aliyeishi kijijini hahitaji mchumi amweleze hayo.

Mnamo 2009 na 2010 serikali ilichukua wazo hilo na kulipanua: walimu wa mkataba wapatao 18,000, wa shule ya msingi akipokea shilingi 10,000 kwa mwezi. Safari hii kulikuwa na kipimo kingine sambamba. Katika shule 192 kutoka mikoa yote 8, baadhi ya walimu wa mkataba walisimamiwa na shirika la World Vision na wengine na Wizara ya Elimu yenyewe. Chini ya World Vision alama za watoto zilipanda. Chini ya wizara hazikupanda hata kidogo. Mishahara ya walimu wa wizara ilichelewa, usimamizi ukalegea, na walimu wenyewe walikuwa wameshaona kwamba wakivumilia kidogo watakuwa waajiriwa wa kudumu. Walikuwa sahihi. KNUT iliupinga mpango mzima kama njia ya kununua ualimu kwa bei ya vibarua, na mgomo wa Septemba 2011 ulimalizika kwa serikali kukubali kuwaingiza walimu hao katika ajira ya kudumu.

Hazina ilitaka kusikia kwamba mwalimu wa bei rahisi anatosha. Utafiti wa pili ulisema kitu kinachokera zaidi: mwajiri asiyelipa kwa wakati na asiyefuatilia hapati kazi nzuri kwa bei yoyote ile.

Katiba ya 2010 ilibadilisha uwanja. Haki ya kugoma ikaandikwa humo. TSC ikawa tume huru ya kikatiba. Ikaundwa pia Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC, chini ya mwenyekiti wake wa kwanza Sarah Serem, ipange malipo ya maafisa wa serikali na kushauri kuhusu watumishi wengine wa umma. Walimu sasa walikuwa na mwajiri mmoja lakini milango kadhaa ya kubisha, na kila mlango uliwaelekeza kwingine. Walipogoma kwa wiki tatu Septemba 2012 walipata shilingi bilioni 13.5. Waligoma tena Juni na Julai 2013 kwa siku 24, wakidai yale marupurupu ya Notisi 534, miaka 16 baada ya kuchapishwa. Mwaka huohuo SRC ilijaribu kushusha mshahara wa wabunge hadi shilingi 532,500 kwa mwezi. Wabunge walitishia kuivunja tume, na mwishowe wakapata ruzuku ya gari ya shilingi milioni 5 kila mmoja. Mwalimu wa daraja la P1 aliyeanza kazi alikuwa na mshahara wa msingi wa shilingi 16,692.

Hapo ndipo ulipoanzia mgomo mkubwa wa 2015, na mahakamani ndipo ulipopata moto. Tarehe 30 Juni Jaji Nduma Nderi wa Mahakama ya Uajiri na Mahusiano ya Kazi aliwapa walimu nyongeza ya asilimia 50 hadi 60, kuanzia Julai 2013. TSC ilikata rufaa na kukataa kulipa huku rufaa ikingojwa. Muhula wa tatu ulipofunguliwa Septemba, walimu wapatao 288,000 hawakufika. Wilson Sossion, katibu mkuu wa KNUT, na Akello Misori wa KUPPET walisimama pamoja, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

Hoja ya serikali haikuwa ya kipuuzi. Gharama ya nyongeza ilikadiriwa kuwa takriban shilingi bilioni 17 kwa mwaka, na mishahara ya watumishi wa umma ilikuwa tayari imemeza karibu nusu ya mapato. Jumapili ya tarehe 20 Septemba Rais Uhuru Kenyatta alihutubia taifa kwenye runinga na kusema serikali haina uwezo wa kulipa wala haitalipa. Walimu walijibu kwa kuuliza pesa za mkopo wa Eurobond zimekwenda wapi. Shule zote, hata za binafsi, zilikuwa zimeamriwa kufungwa kuanzia siku iliyofuata, isipokuwa kwa watahiniwa wa darasa la nane na kidato cha nne. Tarehe 25 Jaji Nelson Abuodha aliusimamisha mgomo kwa siku 90. Walimu walirudi mwanzoni mwa Oktoba bila mshahara wa Septemba, mikopo yao ikiwa imelala. Novemba Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha nyongeza yote.

Walishinda mbele ya jaji na kurudi nyumbani na pungufu ya mwezi mzima. Kwa mwalimu aliyekuwa akilipia ada ya chuo ya mtoto wake, huo ndio muhtasari wa mwaka.

TSC, sasa chini ya Nancy Macharia, ilisoma ushindi wake vizuri. Januari 2016 ilianzisha kote nchini mfumo wa kutathmini utendakazi, TPAD. Kila muhula mwalimu alijipima mwenyewe, akaketi na msimamizi wake, akakaguliwa akifundisha, kisha alama zikapandishwa kwenye mtandao. Katika shule zisizo na umeme wala kompyuta, kujaza TPAD kulimaanisha kufunga safari hadi saiba ya mjini na kulipia kwa saa, wakati mwingine siku ya shule. Walimu wengi waliwalipa vijana wa saiba wawajazie. Alama zilikuja nzuri sana nchi nzima.

Oktoba mwaka huohuo, miezi 10 kabla ya uchaguzi wa Agosti 2017, TSC na vyama walitia saini mkataba wa miaka minne wa shilingi bilioni 54. Ulilipwa, na walimu waliushangilia. Pamoja nao ukaja mwongozo mpya wa kupanda vyeo uliotegemea tathmini na nafasi zilizopo, ukachukua nafasi ya ule wa zamani ambao mwalimu aliyejiendeleza na kupata shahada alikuwa na uhakika wa kupandishwa. Walimu wakuu walihamishwa hadi kaunti za mbali, mume Kisii, mke Kwale. Sossion aliupinga mwongozo huo, akaenda mahakamani, na tarehe 12 Julai 2019 Jaji Byram Ongaya akaamua kwamba wanachama wa KNUT waendelee kupandishwa kwa utaratibu wa zamani, na mpya utumike kwa wasio wanachama.

Ulikuwa ushindi mbaya kuliko kushindwa. TSC iliitafsiri hukumu kuwa mwanachama wa KNUT haruhusiwi nyongeza zilizofungamana na mwongozo mpya. Mwisho wa mwezi walimu waliketi vyumba vya walimu wakilinganisha hati zao za mshahara: madarasa jirani, cheo kimoja, miaka ileile ya kazi, na mwanachama wa KNUT amepungukiwa. Makato ya ushirika na benki hayakungoja mahakama. Kujitoa chama kulihitaji fomu moja tu. KNUT ilikuwa na wanachama wapatao 187,000 katikati ya 2019. Ndani ya miaka miwili ilibaki na sehemu ndogo tu ya hao, ofisi zake za matawi zikishindwa kulipa kodi na karani. Sossion alijiuzulu tarehe 25 Juni 2021. Mrithi wake, Collins Oyuu, alielekea mezani na TSC mapema sana, na Julai ulisainiwa mkataba mpya wa 2021 hadi 2025 ambao, ulipotiwa saini, haukuwa na nyongeza ya shilingi hata moja.

Chama kilichozaliwa mwaka 1957 kudai mwajiri mmoja kilikuwa kimevunjwa mgongo na mwajiri huyo mmoja.

Pengo la walimu nalo halikungoja. Sekondari Msingi ilipoanza mwaka 2023 chini ya mtaala mpya, serikali ilijaza madarasa yake kwa walimu wanagenzi waliokuwa na vyeti kamili na waliolipwa shilingi 20,000 kabla ya makato. Aprili 2024 mahakama iliamua kwamba kuwaajiri walimu waliohitimu na kusajiliwa kama wanagenzi ni kinyume cha sheria. Wanagenzi wenyewe waligoma Mei, na kufikia Januari 2025 wapatao 46,000 waliingizwa katika ajira ya kudumu. Ni hadithi ya wale 18,000 wa 2010, ikirudiwa kwa idadi kubwa zaidi.

Julai 2025 yalitukia mambo mawili kwa pamoja. Vyama na TSC vilisaini mkataba wa 2025 hadi 2029 wa shilingi bilioni 33.8. Na Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba serikali haimudu tena mgao wa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa uliowekwa mwaka 2018. Ilichoweza kutoa, alisema, kilikuwa takriban 16,900.

Kwa shule ya kutwa yenye wanafunzi 400, upungufu huo ni zaidi ya shilingi milioni 2.1 kwa mwaka. Mwalimu mkuu hawezi kuutoa kwenye mishahara ya TSC, kwani hailipi yeye. Hutafuta kwenye umeme, maabara, chakula cha mchana, na kwanza kabisa kwenye fungu la walimu wa BOM, wale ambao bodi ya shule huwaajiri kuziba nafasi ambazo TSC haijazijaza. Wengi wao wana shahada, hawana chama, hawamo katika mkataba wowote. Muhula unapofunguliwa, suala lao huwa kwenye ajenda ya mkutano wa wazazi, chini ya kichwa cha "michango mingineyo", na serikali imeshawaonya walimu wakuu mara nyingi wasitoze michango hiyo.